Wali wa Manjano wa Viungo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa tena na tena na majirani, wapangaji vijana na akina mama wanaopikia hafla hapa Kisumu na miji ya karibu. Mapishi mengi ya wali tunayoyafuata yalitoka pwani, ambako mchele, moto na hata kiwango cha joto ambacho maji huchemkia si kama vya huku kwetu, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Katika majibu yote, kikombe ni cha mililita 250, na kijiko cha chai ni kile cha kawaida kilichosawazishwa, si cha kurundika.

## Mambo ya msingi

Wali wa manjano ni nini hasa?

Ni wali mkavu, unaochambuka, uliotiwa rangi kwa manjano na kunukishwa kwa viungo vizima vichache. Hupikwa ili usindikize kitoweo, kwa hiyo ladha yake inapaswa kuwa ya chini chini: ukiula mtupu unapendeza, lakini ukimwagiwa mchuzi haushindani nao.

Wali wa namna hii una ndugu wengi mbali na hapa. Huko Cape Town jamii ya Waislamu wenye asili ya Kimalay huutia zabibu kavu, na Indonesia huupika kwa tui la nazi. Hapa Kisumu manjano si mgeni pia, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka yao mjini tangu enzi za reli, iliyofika ziwani mwaka wa 1901.

Una tofauti gani na pilau?

Pilau hupata rangi yake kutokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, tena mara nyingi huwa na nyama na supu yake, hivyo ni mlo uliokamilika. Katika wali wa manjano vitunguu hulainishwa tu bila kubadilika rangi, viungo ni vichache, na nyama haimo. Asiyekuwa na nyama wala muda wa pilau asijaribu kuugeuza wali huu kuwa pilau kwa kuongeza viungo vya unga. Atapata kitu ambacho si hiki wala si kile.

Je, manjano, binzari na bizari ni kitu kimoja?

Inategemea anayekuuzia. Kwa wengine binzari ni manjano yenyewe. Kwa wengine bizari ni ule unga wa mchanganyiko wa kupikia mchuzi, ambao manjano ni sehemu yake tu, na bizari nyembamba, ambayo wengi huiita jira, ni mbegu tofauti kabisa. Ukifika kwenye kibanda cha viungo pale soko la Kibuye, taja manjano, kisha uangalie: unga uwe wa rangi moja, na harufu yake iwe kama ya udongo uliolowa pamoja na tangawizi kwa mbali. Ukisikia harufu ya giligilani au pilipili, huo ni mchanganyiko.

Ninahitaji vitu gani kwa watu wanne?

Vikombe 2 vya mchele, yaani takriban gramu 400, vijiko 3 vya mezani vya mafuta au samli, kitunguu maji kimoja cha wastani, kijiko 1 cha chai cha manjano ya unga, iliki 4, karafuu 3, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Kitunguu saumu punje 2 ukipenda. Kiasi cha maji hutegemea mchele wenyewe na kimeelezwa chini ya kichwa cha mchele na maji.

Hatua zake ni zipi?

Injika sufuria yenye kitako kizito, tia mafuta na uyaache yapate moto wa wastani. Tumbukiza iliki ulizozipasua kidogo, karafuu, mdalasini na bizari nyembamba, uziache hadi bizari ianze kurukaruka na harufu ipande. Tia kitunguu kilichokatwa vyembamba pamoja na chumvi, ukoroge hadi kilainike na kung'aa, kisha saumu.

Sasa punguza moto na utie manjano. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoamua rangi na ladha: manjano lazima yaive ndani ya mafuta kabla ya kukutana na maji. Koroga kwa nusu dakika hivi. Utaona mafuta yakitengana kando ya vitunguu yakiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, na ile harufu kali ya ubichi itapungua na kuwa tulivu. Mara tu hapo, tia mchele uliochujwa maji na uugeuze taratibu kwa mwiko hadi kila chembe ipake rangi.

Mimina maji yaliyokwisha kuchemka, koroga mara moja tu, onja maji hayo (yawe na chumvi iliyozidi kidogo ile unayoitaka kwenye wali) na uache yachemke. Maji yakishuka hadi usawa wa mchele na vishimo vidogo vikionekana juu, punguza moto uwe mdogo kabisa na ufunike vizuri. Baada ya dakika 12 hadi 15, epua bila kufunua na uache sufuria itulie dakika 10 nyingine. Ndipo utakapouchambua kwa uma, si kwa mwiko.

## Mchele na maji

Ni mchele gani unaofaa?

Pishori ya Mwea hutoa wali mrefu unaochambuka wenyewe, na harufu yake hukubaliana na iliki. Lakini anayeishi Kisumu ana mchele wa Ahero mlangoni, unaolimwa kwa maji ya mto Nyando umbali mfupi tu kwenye barabara ya kwenda Kericho, na kwa bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, hauna mpinzani. Mchele wa kawaida wa Ahero una chembe nene zaidi na hushiba rangi vizuri sana. Kwa wali wa kusindikiza samaki mwenye mchuzi mzito, mimi huuchagua huo kabla ya pishori.

Kitu cha kuepuka ni mchele uliojaa chenga. Chembe zilizovunjika huiva mapema, hutoa wanga na kuwagandisha wenzake. Upepete kwa uteo kwanza, na chenga uziweke kando kwa ajili ya uji.

Nitie maji kiasi gani?

Kwa vikombe 2 vya pishori iliyolowekwa, vikombe 3 vya maji vinatosha. Kwa mchele wa kawaida wa Ahero uliokaa ghalani miezi kadhaa, vikombe 4. Tofauti hiyo ya kikombe kizima ndiyo sababu mapishi ya rafiki yako wa Mombasa yalikuharibikia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji huwa hawalitaji mpaka waulizwe: mchele uliovunwa juzi bado una unyevu wake, kwa hiyo hunyonya maji kidogo na hushikana upesi. Niliwahi kununua gorogoro mbili za mchele mpya kutoka Ahero, nikatia maji yale yale niliyoyazoea, na wageni wangu wakaletewa mashendea ya rangi ya dhahabu. Siku hizi huuliza, "Mama, huu ni wa msimu huu?" Akikubali, napunguza nusu kikombe.

Je, ni lazima kuosha na kuloweka?

Kuosha ni lazima, mara tatu au nne, hadi maji yaache kuwa meupe kama maziwa. Kuloweka dakika 20 hadi 30 ni kwa pishori hasa, kwa sababu chembe yake ndefu hurefuka bila kukatika. Uchuje vizuri baadaye, maana maji yanayobaki kwenye mchele ni maji ambayo hukuyapima. Mchele wa Ahero unaweza kupikwa mara tu baada ya kuoshwa.

Mbona nikipika Nakuru wali unachelewa kuiva?

Kwa sababu maji ya Nakuru huchemka yakiwa na joto la chini zaidi. Kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka mapema. Usawa wa bahari ni nyuzi 100 za Selsiasi. Kisumu, iliyo takriban mita 1,130 juu ya bahari, ni karibu nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni karibu 94, na Eldoret hupungua hata zaidi. Kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto, huishia tu kwa mvuke.

Kinachosaidia ni muda na mfuniko. Ukiwa Nakuru ongeza robo kikombe cha maji na dakika 5 za moto mdogo, loweka hata mchele ambao kwa kawaida huuloweki, na uweke kitu kizito juu ya mfuniko ili mvuke usitoroke.

## Rangi na viungo

Kwa nini wali wangu una mabaka, mahali pa njano na mahali peupe?

Uliyatia manjano kwenye maji. Rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta na haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo unga huelea, hujikusanya na kutua mahali mahali. Rudia hatua ya mafuta kama ilivyoelezwa kwenye swali la hatua.

Kwa nini una uchungu?

Ama manjano yamezidi, ama yameungua. Unga huu huungua haraka kuliko kitunguu, na ukishageuka kahawia hakuna kinachouokoa. Mwaga mafuta hayo uanze upya kabla ya kupoteza mchele. Kuhusu kiasi, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe 2 ni kikomo kizuri: kijiko cha pili hakiongezi rangi sana, huongeza ladha ya udongo.

Wali wangu uligeuka rangi ya kutu. Nini kilitokea?

Karibu kila mara jibu ni magadi. Manjano hubadilika kuwa mekundu yakikutana na kitu chenye magadi, na jikoni za magharibi mwa Kenya vitu hivyo haviko mbali: magadi ya kulainishia maharagwe, au munyu wa jivu wa kupikia mboga za kienyeji. Mwiko uliotoka kwenye sufuria ya mboga unatosha kuacha mistari ya rangi ya matofali. Povu la sabuni lisilosuuzwa hufanya vivyo hivyo. Kama ni magadi au munyu kidogo tu, kamulia maji ya ndimu mwishoni, nawe utaiona njano ikirudi mbele ya macho yako. Kama ni sabuni, mwaga.

Naweza kutumia rangi ya chakula badala ya manjano?

Unaweza, na hafla nyingi hufanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Ila rangi hiyo haina harufu wala ladha, kwa hiyo utakachopata ni wali mweupe uliovaa nguo ya njano.

Nitajuaje kwamba manjano ya unga ni safi?

Kwa macho pekee huwezi kuwa na uhakika. Huko Bangladesh ilithibitishwa kwamba baadhi ya wachakataji walitia kemikali ya njano yenye madini ya risasi ili manjano yavutie, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Njano inayong'aa kupita kiasi isikuvutie. Njia ya kujilinda iliyo rahisi ni kununua mizizi mizima iliyokaushwa na kuisaga au kuitwanga mwenyewe kidogo kidogo. Mizizi mibichi pia inafaa: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kilichokunwa, huchukua nafasi ya kijiko kimoja cha unga, lakini kikaange dakika 2 badala ya nusu dakika.

Wageni hulalamika wakitafuna iliki. Nifanyeje?

Funga viungo vizima katika kitambaa safi cheupe, uvitie wakati wa maji, uvitoe mwishoni. Harufu itapungua kidogo. Nyumbani kwetu mwenye kupata karafuu sahanini haruhusiwi kulalamika.

## Wali unapoharibika

Umeiva nje lakini una kiini.

Nyunyiza robo kikombe cha maji ya moto, si baridi, funika kwa mfuniko uliozungushiwa kitambaa na urudishe kwenye moto mdogo dakika 7. Usikoroge.

Umeshikana kama ugali.

Maji yalizidi, au ulikoroga ukiwa unaiva. Umwage kwenye sinia pana, uutandaze na uuache upumue, mvuke ukitoka utachambuka kiasi. Ukikataa, ukubali ulivyo: kesho yake uviringe vidonge, uvichovye kwenye yai na uvikaange kwa chai.

Umeungua chini.

Epua mara moja, weka sufuria juu ya kitambaa kilicholowa maji baridi na uhamishe wali wa juu bila kugusa ukoko. Harufu ya moshi ikiwa imepanda hadi juu, haitatoka. Ukoko wa kahawia usioungua ni jambo tofauti, na katika nyumba zenye watoto hauhitaji maelezo.

## Jikoni na mezani

Uliwe na nini?

Ngege (tilapia) wa kukaanga kisha akatiwa mchuzi wa nyanya ndiye mwenzake wa kwanza hapa ziwani, na kuku wa kienyeji hafuati mbali. Ndengu na maharagwe yaliyoungwa pia hukaa vizuri, pamoja na kachumbari yenye ndimu. Omena (dagaa wa ziwani) hukubali iwapo imekaangwa ikakauka. Mrenda uachie ugali, kwa maana ule utelezi wake huufanya wali ulioupika kwa uangalifu uonekane umeshikana.

Naweza kuongeza minji, karoti au zabibu kavu?

Ndiyo. Minji mibichi na karoti iliyokatwa ndogo huingia pamoja na mchele, zabibu kavu mwishoni, wakati wa kufunika. Ukitia vyote vitatu, kitoweo kiwe chepesi.

Na nazi?

Tui jepesi lichukue nafasi ya nusu ya maji. Tui zito peke yake hushika chini upesi, basi ulitie katika dakika za mwisho.

Ninapika kwa makaa. Moto mdogo nitaupataje?

Makaa yana faida ambayo gesi haina. Maji yakishakauka juu, ondoa makaa mengi, bakiza machache chini, na mengine uyaweke juu ya mfuniko wa bati. Huko ndiko kuupalia wali, nao hukauka kutoka juu na chini kwa pamoja.

Na sufuria ya umeme au ya presha?

Kaanga viungo na manjano pembeni kwanza, ndipo uhamishie humo. Kwenye sufuria ya umeme vipimo vya maji vibaki vile vile. Kwenye presha punguza maji kwa nusu kikombe, upike dakika 4 tangu presha ishike, uache ishuke yenyewe. Presha pia huondoa tatizo la mwinuko lililoelezwa kwenye swali la Nakuru.

## Hali za pekee

Ninapikia watu 100. Nizidishe tu vipimo?

Hapana, na hapa ndipo wapishi wengi wa matanga na harusi huaibika. Mchele huzidishwa sawasawa: gramu 100 za mchele mkavu kwa kila mtu, jumla kilo 10. Maji hayazidishwi hivyo, kwa sababu sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo. Viungo navyo hukolea zaidi katika chungu kikubwa.

Gawanya mchele katika sufuria mbili za kilo 5, kwani katika sufuria moja ya kilo 10 ule wa chini hupondeka chini ya uzito wa ule wa juu. Kwa kila kilo 5 za pishori iliyolowekwa anza na lita 8 za maji, na lita 1 ya maji ya moto iwe pembeni. Manjano yawe vijiko 3 vya mezani, iliki 25, karafuu 15. Ukipikia kuni juu ya mafiga, vuta kuni zote maji yanapokauka, bakiza makaa, na umweke mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kufunua. Kila shangazi anayefunua "kuangalia tu" anaondoka na mvuke wa dakika tano.

Kiporo chake ni salama?

Ni salama ukikihifadhi mapema. Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa joto la Kisumu, tandaza wali uliobaki kwenye sinia upoe, uingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive, na uupashe hadi utoe mvuke siku inayofuata. Asiye na friji apike wa kumalizika. Manjano hayauhifadhi wali, ingawa wengi huamini hivyo.

Je, mwenye kisukari anaweza kuula kwa kuwa una manjano?

Manjano hayapunguzi wanga wa mchele, na kijiko kimoja kilichogawanywa kwa watu wanne ni kidogo mno kuwa dawa. Auhesabu kama wali mweupe: kipimo kidogo, mboga nyingi, na ushauri wa daktari wake.

Doa la manjano kwenye kitambaa cheupe linatokaje?

Usishtuke likigeuka jekundu unapolipaka sabuni, ni jambo lile lile la magadi. Suuza sana, kisha kianike kitambaa juani kikiwa bado kimelowa. Jua la adhuhuri la Kisumu hufifisha rangi ya manjano kuliko dawa yoyote ya dukani, ingawa doa la zamani huhitaji siku mbili au tatu. Bakuli la plastiki hufuata njia hiyo hiyo, ila mwiko wa mti utabaki na njano yake.